Tuta la Tatu Kutoka Kwenye Uzio

Jakobsberg, 28 Septemba 1986

Dada Agripina,

Shikamoo. Najua nimekaa kimya tangu Aprili na najua umenuna, kwa hiyo naanza na habari ya kukuchekesha. Nimepata kazi ya kupiga picha makaburi.

Kile kiwanda cha uchapaji pale Sundbyberg kilitupunguza wakati wa joto. Nimezunguka miezi mitatu bila kitu, mpaka Mganda mmoja ninayesali naye, Ssemakula, ambaye anaendesha mashine ya kuchimba makaburi, akaniambia ofisi yao inatafuta mpiga picha. Kuna makaburi makubwa kaskazini ya mji, ya matajiri wa karne iliyopita. Wamechongewa malaika, wanawake wa shaba waliojifunika nyuso, watoto wa marumaru waliolala juu ya mito ya marumaru. Sasa wenyewe wamekwisha, na vitukuu hawajulikani walipo. Ofisi inabandika karatasi ya njano kwenye jiwe: ndugu wa marehemu tafadhali wasiliana nasi. Mwaka ukipita bila mtu kujitokeza, jiwe linaondolewa na nafasi anapewa mwingine. Mimi nalipiga picha kabla halijaondoka, mbele, nyuma na ubavuni, na kibao cha namba kikiwa ndani ya picha ili lisichanganywe na jingine.

Siku ya kwanza nilijiaibisha. Niliona nguzo nzuri ya mawe imekatika juu, nikaandika kwenye fomu: imevunjika, itengenezwe. Mbele nikaona ya pili, halafu ya tatu, nikaziandika zote. Bibi wa ofisini alicheka mpaka akavua miwani. Kumbe wanaichonga hivyo hivyo ikiwa imevunjika, kwa mtu aliyekufa kijana. Nimekaa nchi hii ya Wazungu miaka saba na bado nawasahihisha wenyewe.

Ssemakula ananitania kwa sababu nahakiki kila namba mara tatu. "Wewe Severin, hili jiwe liko na miguu? Litakimbilia wapi?" Mwache acheke. Mabega yananiuma kwa kubeba ngazi, lakini kazi ni kazi.

Nisalimie baba mdogo Matia na wote hapo nyumbani.

Mdogo wako,
Severin


Nansio, 24 Oktoba 1986

Mdogo wangu Severin,

Marahaba. Kununa nilinuna, lakini hizo nguzo zako zimenichekesha katikati ya zamu hadi mgonjwa mmoja akauliza kama nami nimeanza homa.

Sasa tulia unisikilize, maana hata mimi nina habari ya makaburi. Misheni wanajenga wodi mpya ya wazazi, na uwanja waliochagua ni ule walimozikwa watu wa kipindupindu. Padre ametangaza kanisani: mwenye mtu wake pale amtambue na amhamishe kabla Januari haijaisha. Baada ya hapo ni trekta.

Unajua baba alikufa akidai jambo moja tu, kwamba siku moja mama aletwe shambani alale pembeni yake. Miaka yote nimekuwa nikijiuliza tutampataje. Pale hakuna msalaba hata mmoja wenye jina, na mingi imeliwa na mchwa. Lakini sisi tuna bahati, tuna ile picha ya kaburi lake uliyoipiga. Nimeitoa ukutani nikaenda nayo, nikasimama pale uliposimama wewe na kamera yako. Mparachichi wa nyuma upo bado. Nikahesabu: ni tuta la tatu kutoka kwenye uzio, lile lenye msalaba wa moyo wa bati. Bati limeshika kutu lakini linaonekana.

Kwa hiyo mama anarudi nyumbani. Sijui kama unaelewa ninavyojisikia. Nalala nikiwaza hilo na naamka nalo.

Kinachotakiwa ni neno lako. Baba alikuwa kitandani wakati ule, mimi nilikuwa chuoni Dar na njia zimefungwa, na kambi ya wagonjwa iliruhusu ndugu mmoja tu. Wewe ndiye uliyekuwepo. Baba mdogo Matia anasema hataita ukoo mpaka Severin aandike kwa mkono wake kwamba ni hilo la tatu. Andika mistari miwili, inatosha.

Dada yako,
Agripina


Jakobsberg, 19 Novemba 1986

Dada,

Barua yako niliisomea kwenye treni nikitoka kazini, nikapitiliza Jakobsberg mpaka mwisho wa reli. Nilisimama kule nikingoja treni ya kurudi.

Huku sasa jua linazama saa tisa alasiri. Mwanga wa kunifaa naupata labda saa tatu kwa siku, na nusu yake mawingu. Herufi za mawe haya zimelika. Nalisugua jiwe kwa maji na brashi laini, halafu nashika ubao niliouvika karatasi ya aluminiamu ya jikoni, naurusha mwanga kutoka ubavuni, na jina linajitokeza polepole. Jana nilikaa karibu saa nzima kwa jina la mwanamke mmoja ambaye hakuna anayemuuliza. Nilipolipata nikalisoma kwa sauti. Sijui kwa nini.

Kuhusu mama, mimi naona aachwe. Miaka tisa amelala na wenzake, na kuchimba watu wa kipindupindu si jambo la kukimbilia, wewe muuguzi unalijua hilo kuliko mimi. Wodi ya wazazi ni kitu kizuri. Yeye mwenyewe asingekataa.

Halafu ile picha usiitegemee sana. Lenzi niliyokuwa nayo enzi zile ilikuwa inavuta vitu. Tuta linaloonekana la tatu kwenye picha laweza kuwa la nne au la tano ukisimama chini. Mwambie baba mdogo hivyo.

Nimechoka, mikono imepasuka kwa maji baridi. Nitaandika vizuri siku nyingine.

Severin


Nansio, 13 Desemba 1986

Severin,

Lenzi? Usiniletee habari za lenzi. Nilisimama pale na picha mkononi, nikapanga mti na uzio na mlingoti wa kanisa mpaka vyote vikakaa sawa. Umekuwa fundi wa namba huko kwa Wazungu, lakini namba tatu hata mimi naijua.

Nilikasirika siku mbili, kisha nikakuelewa. Unaogopa kukigusa kidonda. Ulikuwa na miaka ishirini. Uliingia peke yako mahali ambapo wanaume wenye ndevu walikataa kuingia, ukamshika mama mkono, ukamfumba macho, ukamzika na watu usiowajua. Sisi wengine hatukubeba hata robo ya hilo. Ndiyo maana hapa ukoo wote ukitajwa wewe watu wanashusha sauti. Baba mdogo akiwagombeza wanawe huwaambia, mngekuwa na moyo wa Severin.

Nami kuna jambo sijawahi kukushukuru. Uliniletea neno lake la mwisho: Agripina asiache masomo kwa sababu yangu. Siku nyingi za kazi hii zimenishinda nguvu, na kila mara nimelishika neno hilo nikaendelea. Kama usingekuwa pale, nani angelisikia?

Basi usijisumbue kuthibitisha. Nimemwambia baba mdogo kwamba umethibitisha. Nimesema uongo mdogo na nitaungama. Ukoo umeitwa, siku ni Jumamosi tarehe thelathini na moja Januari. Utuombee tu ukiwa huko.

Krismasi njema. Vaa soksi mbili.

Dada yako,
Agripina


Jakobsberg, 9 Januari 1987

Dada Agripina,

Nimetoka posta kupeleka telegramu: AHIRISHENI BARUA INAKUJA. Binti wa dirishani aliniuliza kama ni hivyo tu. Nikamwambia ni hivyo tu.

Naomba usome haya ukiwa umekaa.

Sikuingia kambini. Nilifika getini, wakanipa mabuti ya mpira na ndoo ya dawa ya kunawia, wakaniambia anayeingia hatoki mpaka wiki ipite. Nikasikia harufu. Nikaona mtu anatolewa kwenye mkeka. Niliyaweka yale mabuti chini taratibu, kama mtu anayerudisha kiatu dukani kwa kuwa hakikumtosha, nikaondoka. Nilikaa siku nne kwenye nyumba ya wageni karibu na gati. Siku ya tatu alipita mhudumu wa kambi, akaniambia mama amefariki na wameshamzika. Hata hapo sikwenda.

Nilikwenda siku ya nne, walipofungua njia. Kulikuwa na matuta zaidi ya thelathini, hayana majina. Katekista alikuwa karibu, ningemuuliza. Lakini naye angeniuliza nilikuwa wapi. Basi nikapiga picha lile lenye moyo wa bati. Nililichagua kwa sababu mwanga ulikuwa umeliangukia vizuri.

Sijui mama amelala wapi, dada. Sijawahi kujua.

Sikumshika mkono wala sikumfumba macho. Na lile neno la masomo hakulisema. Nililitunga melini nikirudi kazini Mwanza, kwa sababu nilijua mtaniuliza amesema nini na sikuwa na kitu cha kuwapa. Nilidhani ni uongo wa siku moja. Kisha mkaniheshimu kwa ajili yake, na kila mwaka ukazidi kuwa mzito, mpaka ilipotokea nafasi ya kuja huku nikaishika kwa mikono miwili. Watu walidhani nafuata mafunzo.

Ssemakula anacheka nikihakiki namba mara tatu. Siwezi kumweleza. Nikiona karatasi ya njano kwenye jiwe la mtu, naona aibu kwamba wenzetu huku hata wasipopata ndugu, angalau wanamjua aliye chini.

Sina ninachoomba ila msichimbe. Mwambie baba mdogo lolote.

Severin


Nansio, 2 Februari 1987

Mdogo wangu,

Telegramu yako ilikwama Mwanza, ikafika Alhamisi, maneno matatu. Baba mdogo Matia alidhani labda unakuja mwenyewe, akataka tukungoje. Lakini meli ya Mwanza ilikuwa mbovu wiki mbili, barua hazikuletwa, na trekta lilikuwa limeshaegeshwa nyuma ya kanisa. Watu walikuwa wametoka mbali. Hatukuweza kuahirisha.

Yote yamekwenda salama. Vijana wawili wa misheni walichimba. Walipofika chini nikashuka mwenyewe, nikapokea mfupa mmoja mmoja na kuupanga ndani ya sanduku. Sikumruhusu mtu mwingine kugusa wala kuinama kuangalia. Baba mdogo akauliza toka juu, "Ni yeye?" Nikamjibu ni yeye. Kwaya iliimba njia nzima mpaka shambani. Tumemlaza pembeni ya baba. Baba mdogo alilia mbele za watu, kisha akalitaja jina lako, na watu wakaitikia.

Sijui hiyo barua unayosema inakuja ina nini. Lolote lililomo, sisi tumemaliza. Pumzika sasa. Mimi nimechoka mpaka kwenye mifupa, nataka kulala siku mbili bila kuamshwa.

Agripina


Jakobsberg, 20 Februari 1987

Dada,

Nimepata barua yako ya tarehe mbili. Nimeisoma nikiwa bado kwenye ngazi za nyumba na mfuko wa kamera begani, na nimeirudia mara nyingi.

Naona barua yangu ya Januari bado haijafika. Ikifika usiifungue. Itie jikoni iungue. Niliiandika nikiwa na homa, sikuwa na akili zangu. Mama yuko pembeni ya baba, umemwona kwa macho yako, basi yaishe.

Baridi ya mwaka huu hata wenyeji wanailaani. Filamu inakatika ndani ya kamera, nalazimika kuificha ndani ya koti kati ya picha na picha. Yamebaki mawe arobaini tu. Bibi wa ofisini amenisifu kwamba katika picha zaidi ya mia sita sijakosea namba hata moja. Nilimshukuru.

Tafadhali dada, usiifungue.

Severin


Nansio, 25 Februari 1987

Severin,

Barua yako ya Januari ilifika tarehe kumi na mbili. Niliisoma nikiwa nimekaa, kama ulivyoagiza.

Kaburi nilikuwa nimeshalijua. Nilijua tangu nilipopokea mfupa wa paja. Mama alikuwa ananifika begani, na ule ulikuwa wa mtu mrefu, mwanamume, na chini ya goti mguu ulikuwa umewahi kuvunjika ukaunga vibaya. Nilikuwa ndani ya shimo na ukoo mzima umesimama juu yangu. Ningesema siyo yeye, wangeuliza ni nani aliyesema ni hili. Nikasema ni yeye. Nilikuficha kabla sijajua nakuficha kwa kosa gani. Nilidhani ulikosea kuhesabu tu.

Kisha ikaja barua. Kwamba uliogopa, hilo naliweza. Nimefanya kazi kwenye kambi kama zile, nimeona watu wazima wakiruka uzio na kuwaacha wake zao. Lile neno la masomo ndilo siliwezi. Nilikuwa nataka kuacha, Severin. Nilikuwa na mchumba Musoma na barua ya kuacha chuo nilishaiandika. Ukaniletea neno la mama, nikaichana. Sisemi maisha yangu yangekuwa mazuri zaidi. Nasema yalikuwa yangu kuamua, na wewe uliyaamua melini ili usionekane mikono mitupu.

Jumamosi ya tarehe kumi na nne nilikwenda misheni kuangalia daftari la waliozikwa. Limeandikwa tu mwanamke, mwanamume, mtoto. Nilipotoka nilimkuta mama mmoja amesimama kwenye shimo letu, ameshika kisanduku cha bati. Anaitwa Leokadia. Amehamia Bunda kwa binti yake na tangazo lilichelewa kumfikia. Alikuwa anasema peke yake, la tatu kutoka kwenye uzio, lenye moyo. Moyo ule aliukata mwenyewe kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Nikamuuliza kama mumewe aliwahi kuvunjika mguu. Akasema ndiyo, kwenye kiwanda cha pamba, umejuaje?

Nilimwambia mimi ni muuguzi, nikaondoka. Nilifika hadi kwenye lango. Halafu nikarudi nikamweleza.

Hakupiga kelele. Alikaa chini akaomba maji. Jumatatu nilimpeleka kwa baba mdogo Matia, nikawaambia wote, na wewe nimekutaja, pamoja na nyumba ya wageni na zile siku nne. Nilijaribu kusimulia bila jina lako na haikuwezekana. Alhamisi mume wa Leokadia akaondoka shambani kwetu. Kwaya haikuja. Baba mdogo hajasema neno juu yako mpaka leo. Ila ile picha aliitoa ukutani kwa mkono wake akampa Leokadia, akamwambia ichukue mama, ni ya kwako. Yule mama aliifuta vumbi kwa kanga, akaiangalia muda mrefu. Alisema imepigwa vizuri.

Trekta lilianza juzi, Jumatatu. Jumapili, baada ya misa ya kwanza, nilikwenda uwanjani peke yangu. Yalikuwa yamebaki matuta kumi na tisa ambayo hakuna aliyeyaulizia. Nilianzia upande wa uzio. Kwenye kila tuta nilisimama nikasema, "Shikamoo mama, ni mimi Agripina," kisha nikaenda linalofuata. Wengine walikuwa wanaume bila shaka, na wengine watoto. Wanisamehe.

Nilipomaliza la kumi na tisa nikakumbuka sikutoa salamu zako. Nilisimama pale. Nilikuwa na hasira na wewe, miguu inaniuma na jua limeshakuwa kali. Nikarudi kwenye uzio, nikaanza upya.

Dada yako,
Agripina